Nalipia 10, napata 1.1, na darasa langu la saa mbili usiku halisikiki

Kwako Ami Fundi,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima, wewe na wa nyumbani. Safu yako naisoma kila inapotoka, hata ile ya pampu za maji niliisoma mpaka mwisho na pampu yenyewe sina. Leo nimeshika kalamu kwa sababu intaneti imetufikisha pabaya ndani ya nyumba.

Nimeolewa Mkomani, hapa Lamu, katika nyumba ya mawe ya wazee wa mume wangu. Tunakaa sote: mimi, mume wangu na watoto tuko juu, mavyaa yuko tini katika ndani (chumba cha ndani kabisa), na shemeji na mkewe na watoto wao wako upande wa pili wa kiwanda, ule ua wa katikati ya nyumba. Kazi yangu ni kusomesha wageni Kiswahili kwa video. Wanafunzi wangu wengi wako Ujerumani na Italia, na wakitoka kazini huko, huku kwetu ni saa mbili usiku, watu wametoka kuswali isha.

Kampuni ilikuja ikafunga sahani juu ya paa. Waya ukashushwa kwa upande wa ngazi mpaka tini, na ruta ikawekwa kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani) za chumbani kwa mavyaa, kwa kuwa soketi iko hapo. Mavyaa hapendi kuona manyaya, kwa hiyo ameifunika kitambaa cha kudarizi na mbele yake ameegemeza sinia lake la shaba. Tunalipa shilingi 3,000 kwa mwezi kwa kifurushi cha megabiti 10.

Sasa, chumbani kwangu juu intaneti ni ya kuvuta kwa kamba, asubuhi, mchana na usiku. Ukurasa unafunguka nusu, nusu nyingine inshallah. Nikishuka nikakaa karibu na mavyaa napata nafuu, lakini ikifika saa mbili hata pale tini wanafunzi wananiambia sauti inakatika na uso umeganda. Na kinachoniudhi zaidi, saa hiyo hiyo mume wangu amekaa ubavuni mwangu anatazama mpira kwenye simu, raha mustarehe, haugandi hata kidogo.

Tena nimegundua kuwa tunaibiwa. Mchana mmoja nilipakua faili kubwa nikiwa tini, kompyuta ikaniandikia 1.1. Mimi nalipia 10! Nilipowapigia simu, kijana wa huduma akaniambia nipande kifurushi cha 20 kwa shilingi 5,000. Shemeji anasema tununue repita, kile chombo cha kurudia waifai, tuitie kwenye ngazi, na yeye ndiye mjuzi wa nyumba, ndiye aliyefunga kamera pale dakani, kwenye ukumbi wa kuingilia, tangu viatu vya wageni vilipopotea siku ya arusi. Mume wangu anasema tuhame kampuni. Mavyaa anasema waletwe mbele yake watoto wa shemeji na michezo yao ya simu, ndio wanaokula intaneti yote.

Ami, pesa niliyonayo ni ya jambo moja tu. Nianze na lipi? Na nakuomba usiniambie nizime niwashe. Nimezima nikawasha mpaka kitufe kimelegea.

Mwanao,
Mwalimu wa Mkomani

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Pesa yako iweke kwanza. Katika hayo uliyoshauriwa hakuna hata moja ambalo ningelipa kabla ya kupima, na la kupanda kifurushi cha 20 ndilo ningeliweka mwisho kabisa. Barua yako umeiandika vizuri kuliko unavyodhani: humo ndani mna shida mbili ambazo zimechanganywa zikafanywa moja, na kila mtu nyumbani kwenu ameshika kipande chake.

Nianze na wizi, ili tumuondolee mtu dhambi. Kampuni huuza kasi kwa megabiti, na kompyuta inapopakua faili huandika kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Chukua hiyo 1.1 yako uizidishe kwa 8, unapata megabiti 8.8. Kwa anayelipia 10, na kwa waifai, hiyo ni haki yako karibu yote. Angalia herufi ya mwisho pale kompyuta inapoandika: B kubwa ni baiti, b ndogo ni biti. Kwa hiyo mchana, ukiwa tini, kampuni inakuletea ulicholipia. Hili lishike, maana ndilo linalotuonyesha pa kutafuta.

Njia ya intaneti yako ina vipande viwili. Cha kwanza kinatoka kwenye mnara mpaka sahani, kikateremka kwa waya mpaka ruta. Hicho ndicho kampuni inachouza. Cha pili kinatoka kwenye ruta mpaka kwenye simu au kompyuta, na hicho ni chako wewe na ukuta wa babu wa mume wako. Ukinunua megabiti 20, zitafika kwenye kidaka cha mavyaa zote 20, kisha zitakwama pale pale zinapokwama 10.

Na hapo mavyaa wako ameificha ruta kama mtu aliyeambiwa aizuie isitoe sauti. Sikiliza ilivyo. Ukuta wa nyumba za Mkomani ni mawe ya matumbawe na chokaa, aghalabu unene wake unakaribia nusu mita, na dari ni boriti za mikoko zilizopangiwa mawe na kumwagiwa chokaa juu. Mawe yale hunywa unyevu, na maji hufyonza mawimbi ya redio. Ruta ndani ya kidaka imezungukwa na ukuta huo nyuma na ubavuni. Upande mmoja uliobaki wazi umezibwa kwa sinia la shaba, na madini hayapitishi wimbi, hulirudisha lilikotoka. Yanayokufikia wewe juu ni makombo. Kitambaa cha kudarizi hakina kosa kubwa kwa mawimbi, lakini kinaifanya ruta ipate joto, na joto la Lamu latosha bila kuongezewa.

Leo jioni, kabla ya jambo lolote, muombe radhi mavyaa, ondoa sinia, toa ruta kidakani uiweke juu ya kiti mbele ya mlango unaotazama msana (ukumbi ulio wazi kuelekea kiwandani), halafu panda chumbani kwako upime. Ingia fast.com, haitaki kujiandikisha wala kulipa. Usipime mara moja ukaridhika, pima mara kadhaa. Nina hakika utaona tofauti, na hujatoa hata shilingi.

Dawa ya kudumu ni kuihamisha. Nyumba zetu zina kiwanda, na kiwanda ndicho tundu la pekee ambalo wimbi linaweza kutoka tini likapanda juu bila kutoboa jiwe. Ruta ikikaa kwenye msana wa yuu, pembeni inapotazama kiwanda, itakuhudumia wewe moja kwa moja, itamuona shemeji ng'ambo ya pili, na itamteremkia mavyaa kupitia msana wa tini. Wewe mwenyewe umeniandikia kuwa waya umeshushwa kwa upande wa ngazi. Basi unapita mlangoni kwako! Hauhitaji waya mrefu zaidi, unahitaji mfupi zaidi. Fundi aukate pale juu, atie kichwa kipya, aifunge ruta hapo chini ya paa pasipofika mvua wala jua.

Pana jambo moja hapo ambalo nimeliona likiunguza ruta za watu. Karibu na ruta yenu pana kiboksi kidogo cheusi kinachoingia kwenye soketi na kina matundu mawili ya waya. Hicho ndicho kinachopeleka umeme kwenye sahani kupitia waya ule ule wa intaneti. Kihame pamoja na ruta. Tundu lililoandikwa PoE ni la waya unaopanda kwenye sahani, na lililoandikwa LAN ni la ruta. Ukigeuza, umeme wa sahani utaingia ndani ya ruta. Kabla hujachomoa chochote, piga picha kwa simu ilivyo sasa.

Na fundi asitoboe ukuta. Akikwambia lazima atoboe, mwambie apitie ngazi au kiwandani kama alivyopita aliyemtangulia. Ikilazimika kuziba tundu lililoachwa na mtu, lizibwe kwa chokaa. Saruji juu ya matumbawe hufungia unyevu ndani, na baada ya muda lipu linabanduka na jiwe nalo. Mui wetu wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na bado kuna mafundi wanaopita na ndoo ya saruji kama wako mtaa wa juzi. Haya, si mada ya leo.

Repita ya shemeji. Chombo chenyewe si kibaya, ila mahali alipokusudia kukitia sipapendi na kazi yake haijui vizuri. Repita ya bei nafuu husikiliza na kusema kwa redio hiyo hiyo moja, kwa hiyo kila kitu inakipokea kisha inakirudia, na kasi hupungua kwa karibu nusu. Na kama pale ngazini wimbi limekwisha kuchoka, itarudia uchovu ule ule kwa sauti kubwa. Simu yako itaonyesha vijiti vyote vimejaa na ukurasa bado haufunguki. Kama baada ya kuhamisha ruta mavyaa ataona imempungukia huko ndani, nunueni waya wa intaneti mumteremshie, na mwisho wake mfunge ruta yoyote ya zamani iliyolala kabatini, iwekwe kama kituo cha waifai tu. Waya huo unakwenda mpaka mita 100 bila kupoteza kitu, na nyumba yenu haifiki huko hata ukiuzungusha.

La mwisho kuhusu kipande hiki: tazama kama ruta yenu inaonyesha majina mawili, moja likiwa na 5G mwishoni. Hiyo 5G si ile ya simu za mkononi inayotangazwa, ni masafa ya gigahezi 5. Ina kasi zaidi lakini ukuta unaishinda upesi. Masafa ya 2.4 ni ya polepole kidogo na yanavumilia ukuta. Aliye msanani na ruta atumie la kwanza, aliye nyuma ya jiwe atumie la pili. Ukiingia kwenye mipangilio ya ruta, chaneli ya 2.4 iweke 1, 6 au 11, maana hizo haziingiliani, na usiweke iliyojazana kwa nyumba za wageni za jirani.

Sasa tuje kwenye saa mbili usiku, maana ndiyo riziki yako, na ndiyo inayonivutia zaidi.

Umesema saa hiyo hata ukikaa karibu na ruta unakatika, na mume wako ubavuni mwako mpira wake haugandi. Kama njia yote ingekuwa imebanwa, mpira nao ungelalamika, kwani video ya HD hula kama megabiti 5. Yeye anapokea tu. Wewe unatuma: uso wako na sauti yako vinatoka Mkomani kwenda Ujerumani. Kwa hiyo kilichoziba ni njia ya kupakia, ambayo watu wengi hawaipimi na makampuni mengi huipunguza kuliko ya kupakua. Kwenye fast.com bonyeza kitufe cha maelezo zaidi, utaona namba ya kupakia. Nitashangaa ukiikuta kubwa.

Basi nani anapakia nyumbani kwenu saa mbili usiku? Watoto wa shemeji waachiwe. Mwambie mavyaa kwa heshima kwamba mchezo wa simu unapochezwa hutumia data kidogo sana; kinachokula ni siku unaposasishwa. Mimi namtazama shemeji mwenyewe, na ile kamera ya dakani. Kamera ya namna hiyo, ikiwa inapeleka picha mtandaoni, hupakia mchana kutwa na usiku kucha, aghalabu megabiti 1 mpaka 2 ikiwekwa ubora wa juu. Mchana hamuioni kwa kuwa nyumba ni tupu. Jioni watu wamerudi, simu zote zimeshika waifai na zimetiwa chaji, na hapo ndipo zinapoanza kupeleka picha na video za siku nzima kwenye hifadhi ya mtandaoni, kimyakimya, bila mtu kugusa kitu. Kama jana palikuwa na arusi, ole wako.

Njia ikijaa hivyo, ruta haikatai, inapanga foleni. Wewe unajua uchochoro wetu anapopita punda aliyebeba mawe ya kujengea: hata kama una barua tu mkononi, utamfuata nyuma kwa mwendo wake mpaka mtokeze Usita wa Mui, ile njia kuu. Sauti yako ni barua hiyo. Ni ndogo mno, megabiti moja haifiki, lakini imesimama nyuma ya video ya arusi, na mwanafunzi anasikia neno la kwanza na la nne. Ile fast.com, kwenye maelezo zaidi, inakupa namba mbili za uchelewaji kwa milisekunde, moja ya njia ikiwa tulivu na moja ikiwa na kazi. Ya kwanza ikiwa makumi na ya pili mamia, foleni ndiyo hiyo umeipata kwa ushahidi.

Kuithibitisha ni kazi ya usiku mmoja. Kabla ya darasa, kamera ichomolewe kwenye umeme, simu zote za nyumbani zizimwe waifai isipokuwa kifaa chako, halafu ufanye somo. Likienda sawa, hukumu imetoka na hakuna cha kununua. Kamera iwekwe irekodi kwenye kadi yake ya ndani na ipeleke mtandaoni pale tu inapoona mtu anatembea, na ubora ushushwe. Kwa mwizi wa viatu hauhitaji kuhesabu nywele zake. Hifadhi ya picha kwenye simu izimwe, kila mtu aifungulie kwa zamu asubuhi. Kama ruta yenu ina sehemu ya QoS, ingia humo uipe kompyuta yako kipaumbele na kamera uiwekee kikomo. Ruta nyingi za bei ya chini hazina, usihangaike kuitafuta usiku kucha.

Ukiwa umo kwenye mipangilio ya ruta, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mkikuta simu zaidi ya watu mlionao, badilisheni neno la siri. Wageni wa arusi hupewa, na wanaokaa barazani baada ya magharibi wana masikio.

Iwapo umezima yote hayo, umeunganisha laptopu kwenye ruta kwa waya, na bado saa mbili usiku inakatika, hapo nakubali kesi ni ya kampuni. Kwanza panda paani mchana uangalie. Sahani lazima ione mnara. Kama jirani ameinua kipenu kipya cha makuti katikati, makuti makavu hupunguza na yaliyolowa mvua huzuia zaidi. Tazama kama kusi imeisogeza. Chomoa kichwa cha waya pale kwenye sahani: vijipini vikiwa na ukijani, hiyo ni kutu iliyoletwa na chumvi ya bahari, kikatwe kitiwe kipya na kifungwe vizuri. Haya yote kampuni inapaswa kuja kuyafanya bila kukuuzia kitu. Kama paani hapana kasoro, basi mnara umejaa wateja saa hizo, na kifurushi cha 20 hakiongezi nafasi kwenye mnara. Hapo ndipo maneno ya mume wako ya kuhama yanapata maana, ila waulize kwanza majirani walio na kampuni nyingine hali yao ilivyo saa mbili, siyo saa nne asubuhi.

Kuna siku pia ambazo kosa haliko Lamu kabisa. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Kenya, Tanzania na majirani wakayumba kwa siku kadhaa. Siku ya namna hiyo usimguse mtu wala ruta, wape wanafunzi kazi ya kuandika.

Kwa mavyaa, usipeleke habari ya mawimbi. Mpelekee habari kwamba kidaka chake kinarudi kwake kitupu, apange vyombo vyake, na manyaya yanaondoka chumbani. Nadhani atakubali kabla hujamaliza.

Na ukifika kwenye kuwaandikia kampuni, andika siyo kupiga simu, ili libaki. Weka namba za kupakua, kupakia na uchelewaji, za asubuhi na za saa mbili usiku, kwa tarehe, ukieleza kwamba umepima kwa waya na vifaa vingine vimezimwa. Wasipojibu kwa muda wa maana, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko, na namba hizo hizo ndizo watakazokuuliza. Na kijana wa huduma akikwambia tena uzime uwashe, mjibu kwamba kitufe kimelegea, umtumie na picha yake.